Mwaka Tulioliacha Bonde

Mwaka ule tulijiandaa kwa mafuriko. Redio ilisema maji ya bahari yamepata joto kupita kawaida na El Nino inakuja. Bwana shamba alipopita kijijini kwetu Ufipa, upande wa kuelekea mji wa Kate, alisimama mbele ya ofisi ya kijiji akatuambia tusipande bondeni, mahindi yataoza majini.

Shamba la bondeni ndilo lililotulisha. Udongo wake mweusi ulishika unyevu hata mvua ikichelewa. Mume wangu alilizunguka jioni ile, kisha akapeleka mbegu zote mlimani. Akachimba na mtaro kuzunguka nyumba. Mama mkwe, tuliyeishi naye, ndiye pekee aliyeuliza.

“Hiyo bahari yenyewe iko wapi?”

“Mbali, mama,” nikamjibu. “Moja iko huko Dar es Salaam, nyingine mbali zaidi, ng'ambo ya dunia.”

“Na imejuaje kwamba sisi tupo?”

Tulicheka wote watatu.

Mvua ilianza vizuri. Krismasi tulikula tukiyatazama mahindi yaliyofika magotini, na mume wangu alikuwa akiimba. Mwezi wa kwanza, mahindi yakianza kutoa mbelewele, mvua ikakatika. Mawingu yalikuja kila mchana, yakatupitia kama wageni wa watu wengine. Jumapili moja padri alituongoza kuomba mvua, na tuliporudi nyumbani redio ilikuwa inataja madaraja yaliyosombwa na maji huko pwani. Mume wangu akaizima.

Bwana shamba alirudi. Alipiga magoti shambani, akabonyeza mhindi uliojikunja.

“Joto la bahari likileta mvua kaskazini na pwani, huku kwetu inaweza kukatika,” alisema. “Wenzetu wa Zambia wamekauka kuliko sisi.”

“Si ulisema mafuriko?” mume wangu akamuuliza.

“Nilisema nilichoambiwa, kaka.”

Wala hawakugombana. Nilimpa maji ya kunywa, akaondoka.

Mama mkwe alikuwa na tumaini la ulezi wa mwaka unaofuata. Alikuwa ametengeneza ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo sisi Wafipa tunafukia majani ndani yake yaoze, yawe mbolea. Siku moja alifukua tuta moja. Majani yalitoka makavu, yakavunjika mkononi mwake. Akayarudisha, akafunika tena kwa uangalifu, kama mtu anayemfunika mtoto.

Kule bondeni, kwenye shamba tuliloliacha, nyasi zilibaki za kijani hadi baada ya Pasaka. Mume wangu alikuwa akipitia njia nyingine asizione.

Tulivuna vibunzi visivyo na punje. Kisha kipupwe kikaingia, na ule upepo wa Ufipa usiojua ukuta. Maksai wetu wawili walikuwa mifupa mitupu, maana malisho yalikauka mapema. Asubuhi moja mmoja wao hakuinuka. Majirani walikuja na miti, wakaipitisha chini ya tumbo lake, wakamnyanyua. Akasimama huku akitetemeka, akatutazama, akaanguka. Tulimchinja kabla hajafa.

Bila jozi ya maksai hakuna plau. Mume wangu akateremka Mtowisa, kwenye tambarare ya joto chini ya milima yetu, kutafuta vibarua kwenye mpunga. Nikabaki na mama mkwe, tukila uji mara moja kwa siku. Yeye aliniachia wa kwake akisema ameshiba, na nilijua anadanganya, na mara nyingine nikaunywa.

Kikohozi kilimwanza Julai. Zahanati walimpa dawa, wakasema apate joto na chakula. Nilimfunika mablanketi yote ya nyumba.

“Twende Mtowisa, mama,” nikamwambia. “Kule kuna joto.”

“Nikafanye nini kule? Nife natoka jasho?”

Alifariki wiki ileile, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya kwapa langu nikijaribu kuupasha moto. Mume wangu alifika tumeshazika. Alikaa kaburini hadi jua likazama, upepo ukimpiga, na sikuweza kumwita.

Tukafunga nyumba. Siku hizi tunaishi Mtowisa, tunalima mpunga wa watu. Mbu wanatumaliza, na mume wangu haimbi tena. Watu wa kijijini wakishuka kununua mchele hutuuliza tutarudi lini. Mimi humtazama yeye. Yeye huwauliza habari za ng'ombe wao.