Zaburi Aliyoitunga Malimi kwa Mama Yake

Mwalimu wetu wa kwaya pale kigangoni Mkolani alikuwa Malimi, fundi wa mageti. Karakana yake iko Buhongwa, kando ya barabara ya Shinyanga, na akija mazoezini Jumamosi jioni macho yake huwa mekundu kwa kuchomelea. Hana mke. Anapika mwenyewe, anafua mwenyewe, watu wamemsema mpaka wamechoka. Lakini akisimama mbele yetu na kuinua mkono, hata mwanangu Queen huachia ziwa amtazame.

Mama yake alifariki mwaka jana, wakati wa kuvuna mpunga. Miezi ikapita, Malimi akatuletea wimbo. Alikuwa amechukua zaburi ile fupi, ya mtu anayemwambia Mungu kwamba roho yake imetulia kama mtoto kifuani kwa mama, akaiwekea sauti nne. Alitaka tuiimbe kwenye misa ya kumbukumbu, nyumbani kwao Kigongo.

"Maneno ni ya Biblia," alituambia. "Sauti ni ya mama. Alinibembelezea hiyo nikiwa mdogo, anaguna tu bila maneno mpaka nalala. Sina hata picha yake ya ujanani. Nina hiyo tu."

Akatufundisha kwa solfa, mstari kwa mstari ubaoni. Sauti ya kwanza ilianzia chini, ikaruka juu ghafla kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, halafu ikashuka taratibu. Sisi wa sauti ya pili tulibaki palepale tukiitikia. Tulipoziunganisha zote, Antoni wa besi, ambaye hakosi utani, aligeuka akaangalia dirishani.

Jumamosi iliyofuata mama mkwe wangu, Bernadeta, alikuja kunishikia mtoto. Ni mama wa Misungwi, mtu wa jembe. Alikaa benchi la nyuma na Queen mapajani. Tulipofika pale pa kuruka nikasikia kicheko, kile cha tumboni. Kugeuka, ni mama mkwe, amejiziba mdomo kwa khanga na mabega yanatikisika. Mara akaacha kucheka, akamkazia macho Malimi.

Mazoezi yalipokwisha Malimi alimfuata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

"Nimeona umecheka. Tumekosea wapi?"

"Hamjakosea. Mmepatia mno." Akanitupia jicho kwanza, maana mimi ni mkwe wake na yapo yasiyosemwa mbele yangu. "Wewe baba, ni pacha?"

"Hapana. Nilizaliwa peke yangu."

"Haya. Aliyekuimbia hiyo alikuwa na sababu yake."

Akaeleza huku amemwinamia mtoto. Ule ni wimbo wa mapacha. Zamani kwetu Usukumani mapacha wakizaliwa, ndugu wa pande zote mbili walikusanyika wakaimba matusi. Matusi ya nguoni kabisa, mkwe kwa mkwe, mchana kweupe. Siku hiyo heshima inawekwa kando. Ndivyo walivyowatoa watoto mkosi. Wasipotukanwa, walisema, mmoja hakai, anakufa.

"Na pale mnaporuka juu," mama mkwe akasema, "ndipo linapotajwa lenyewe."

"Lipi hilo?" Antoni akauliza.

"Kamuulize mama yako."

Habari haikulala. Jumapili, wazee Wasukuma wengine walikuwa wanacheka nje ya kanisa, wengine wamenuna. Nilikuwa napanga maua altareni mwenyekiti wa kigango, mzee Rwehumbiza, alipomwita Malimi pembeni. Ni mwalimu mstaafu, mpole, hapandishi sauti.

"Mwalimu, mimi ni mtu wa Bukoba, nilikuwa sijui. Kwangu wimbo ni mzuri. Lakini wanaojua wanasema tumemletea padre ngoma ya mizimu. Badilisha hapo mahali. Ukiuimba ulivyo, kamati itatafuta mwalimu mwingine, na mimi sitaweza kuizuia."

"Mama hakutaja kitu, mzee. Alikuwa anaguna."

"Najua, mwanangu. Badilisha kidogo tu."

Malimi akajaribu. Ile sauti iliyoruka akaishusha, ikawa inapanda kidogokidogo kama nyimbo nyingine. Tukaimba. Kila mtu alikuwa sahihi na wimbo ukawa umepoa kama ugali wa jana. Malimi akafuta ubao kwa kiganja.

"Huyu siye mama," akasema. Tukaondoka bila kuambiwa tutaimba nini.

Katikati ya wiki alikwenda Kigongo kwa mama yake mdogo, Dorcas, anayekaanga samaki pale kivukoni, ingawa tangu daraja lifunguliwe wateja wamekuwa wa kubahatisha. Aliporudi hakwenda kwake. Alikuja kwetu, akaketi kwenye kigoda, chakula kikapoa mbele yake.

"Ulisema kweli mama," akamwambia mama mkwe, aliyekuwa bado kwetu. "Tulikuwa wawili. Baba alikuwa katekista, akaikataza ngoma. Hatukuimbiwa. Mwenzangu akafa hata kitovu hakijadondoka, na ndugu wakamlaumu baba. Akaamuru mtoto yule asitajwe tena. Na mimi nikapewa jina hili, lisilo la pacha."

"Nani alitangulia kutoka?"

"Yeye."

"Kumbe wewe ni Doto, pacha wa pili," mama mkwe akasema polepole. "Mama yako alikuwa anakukinga, baba. Matusi aliyameza, sauti akakupa."

Malimi akaitazama sahani. "Au alikuwa anamwimbia Kulwa. Mimi miaka yote nilidhani anayeimbiwa ni mimi."

Mimi nilimvuta Queen nikambana zaidi kuliko alivyopenda, akalia.

Siku ya misa tulikwenda Kigongo kwa gari la kukodi, tumevaa sare, na mama mkwe tukaenda naye. Padre alisomea misa uani, chini ya turubai. Ilipofika zamu yetu Malimi alisema kwa sauti ndogo, "Tunaimba zaburi ya kitabuni." Tukaimba ya kitabuni. Mzee Rwehumbiza akainamisha kichwa kwa shukrani, na nilimwonea huruma, kwa sababu alidhani yamekwisha.

Baada ya baraka padre aliingizwa ndani kula, sisi tukaenda makaburini kuweka maua. Kaburi la mama yake Malimi limepakana na la baba. Hapo mama Dorcas akajifunga khanga kiunoni, akaanzisha wimbo. Ulikuwa uleule. Akaanzia chini, akaruka juu, na kule juu akalitaja.

Mama mkwe akamwitikia. Wakaingia na bibi wengine wa pale. Walimtukana Malimi, wakamtukana katekista, wakamtukana marehemu kwa namna alivyowapata wawili kwa mpigo. Sikujua niweke wapi macho yangu. Antoni hakucheka. Mzee Rwehumbiza alichukua kofia yake akaelekea kwenye gari bila kugeuka.

"Doto," mama Dorcas aliita.

Malimi aliangalia nyuma yake, kama sisi wengine, kuona ni nani anayeitwa. Mama Dorcas akamshika mkono, akautikisa.

"Jibu," mama mkwe akamwambia. "Mwenye wimbo asipojibu, tumetukana bure."

Nilikuwa sijawahi kumsikia Malimi akimtusi mtu, hata Antoni anapochelewa mazoezini. Alisimama akapumua. Halafu akaligeukia kaburi la baba yake na kulisema lile neno, bila kuliimba, kama mtu anayeongea na mwenzake mezani.

"Imetosha," mama Dorcas akasema. "Imetosha, mwanangu."

Garini mzee Rwehumbiza alikuwa amekaa mbele. Malimi alipofika mlangoni, mzee alishusha kioo.

"Mwalimu, nilikuomba. Hukuimba ndani ya misa, hilo nitalisema kwenye kamati. Lakini watu wameona."

"Najua, mzee." Malimi akatoa mfukoni ufunguo wa kabati la kinanda, ule anaoushika mwalimu wa kwaya, akampa, akaenda kukaa nyuma na wanaume wa besi.

Kwaya yetu ikitoka safari huimba njia nzima. Siku ile tuliipita Usagara, tukaipita Buhongwa, tukatazamana, na hakuna aliyejua nani aanzishe.