Jezi Safi ya Namba Kumi na Nne

Kulikuwa na dobi mmoja aliyeijua raga ya dunia nzima, na alikuwa hajawahi kuiona hata dakika moja. Msicheke. Watu walimwita Mama Povu, na chumba chake kilikuwa chini ya jukwaa la uwanja: mashine tatu za kufulia, beseni la kulowekea, meza ya pasi, na kidirisha kilichotazama maegesho ya magari. Mechi zilichezwa juu ya kichwa chake. Yeye alisikia vishindo tu, na vumbi likimdondokea kwenye sabuni.

Habari alizipata kwenye jezi. Mwaka huo yalikuja mashindano ya kimataifa ya vijana, na kila mifuko ilipomwagwa sakafuni, Mama Povu alishika kiuno akaanza kusoma.

"Tazama Afrika Kusini," alimwambia mwenzake wa kazi, waliyemwita Mzee wa Pasi. "Namba moja mpaka namba nane, matope mabegani na mishono imefumuka. Hawa wanasukuma. Hawakuzunguki, wanapita ndani yako. Sasa England: wa mbele wachafu, wa nyuma nusu wasafi. Mpira wanaupiga teke ukaangukie mbali, halafu wanaufuata na heshima zao. Fiji je? Wote kumi na watano wana nyasi ubavuni! Mtu anaanguka huku anamrushia mwenzake mpira. New Zealand jasho limezidi matope, hao wanakimbia mpaka filimbi ya mwisho."

"Na Wafaransa?"

"Wafaransa hawasomeki. Juzi wametoka wasafi kama maharusi, jana kama wachimba mitaro. Nadhani hata kocha wao hajui wataamkaje."

Mzee wa Pasi alicheka mpaka akaunguza kola. Sifa zikaenea. Hata daktari wa timu ya nyumbani akishuka kuchukua taulo alikuwa anauliza, "Mama Povu, Argentina wakoje?" Naye anajibu bila kuinua uso, "Udongo mabegani na magotini. Wanakaba chini, miguuni, tena wanakuja wawili wawili. Mwenye mpira asilale." Na kweli ikawa hivyo. Kichwa kikamvimba, mama wa watu.

Sasa, kitindamimba wake mwenyewe alikuwa anachezea timu ya nyumbani. Winga, namba kumi na nne. Mechi tatu zilipita, na mara zote tatu jezi yake ilishuka na jasho peke yake. Tope hakuna, unyasi hakuna. Mama Povu aliigeuza nje ndani, ndani nje, akitafuta walau doa. Hola.

"Hii niipigie pasi ya nini?" Mzee wa Pasi alitania. "Irudishwe dukani, bado mpya."

Alicheka naye, lakini ilimchoma. Baada ya mechi ya nne kocha angetaja vijana watatu wa kwenda kambi ya timu ya wakubwa, na mtoto nyumbani alikuwa hana wimbo mwingine. Watamchukuaje mtu anayejificha? Mama aliona aibu, jamani, aibu hasa, mpaka akawa anawakwepa mama za wachezaji wengine.

Asubuhi ya mechi ya mwisho, dhidi ya Argentina, kijana alishuka kuchukua jezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu nikuulize, mwanangu. Huko juu unacheza au unatazama?"

"Kivipi tena?"

"Wenzako wananiletea matope ya kupanda mchicha. Yako naweza kuivaa nikaenda nayo harusini!"

Kijana alicheka. "Mama, si uje siku moja uone?"

"Nione nini? Jezi haidanganyi. Leo usiniletee safi. Umenisikia?"

Kicheko kikamkauka. Aliikunja jezi polepole, akasema, "Sawa, mama," akapanda ngazi. Ulimi hauna mfupa, ndugu zangu. Nani alimtuma?

Mechi haijafika mbali, umeme wa chumbani ukakatika. Mashine zikanyamaza na maji tumboni. Mzee wa Pasi akavua aproni. "Twende basi, tukamwone huyo maridadi wako."

Wakapanda, wakasimama kwenye ngazi za jukwaa. Mama Povu alikuwa bado anafuta povu mikononi pale mpira ulipomfikia namba kumi na nne, huko pembeni kabisa. Argentina wawili wakamrukia, wakakumbatia hewa. Wa tatu akaanguka kifudifudi. Kijana akapita kandokando ya mstari, hakuna mkono uliomfikia, akauweka mpira chini nyuma ya milingoti. Uwanja mzima ukainuka ukipiga mayowe.

"Lo!" Mama Povu alishika kifua. "Kumbe?"

"Huyo?" akasema mwanamke aliyekuwa anauza karanga kando yake. "Mechi tatu, dada, hajaguswa na mtu! Hawamkamati."

Hawamkamati. Jezi ilikuwa safi kwa sababu hakuna aliyeweza kuichafua! Na yeye, bingwa wa kusoma madoa, hakujua kusoma pasipo na doa.

"Nikimbie nikamwambie," alisema, akaanza kushuka. Atamwambia nini, wapi, katikati ya mchezo? Mpira ulikuwa umeshafika tena pembeni.

Njia ilikuwa nyeupe mbele ya kijana, mpaka mwisho. Akaanza kuikimbilia. Halafu akapunguza mwendo, akageuza, akaingia katikati, kifua mbele, kuwafuata Argentina wawili waliokuwa wanakuja kwa nguvu zao zote.

"Anafanya nini?" watu walipiga kelele. "Kwa nini ameacha njia?"

Katika maelfu yale ni mtu mmoja aliyejua kwa nini.

Chumba cha huduma ya kwanza kilikuwa kwenye korido ileile ya dobi, mlango wa pili. Miaka yote aliupita akibeba mataulo. Daktari alitoka akamkabidhi jezi, imekatwa kwa mkasi kutoka shingoni hadi kiunoni.

"Bega limevunjika, na goti ndilo linalonitisha zaidi. Mwaka huu hachezi tena. Sielewi, mama. Jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya kocha tangu juzi."

Mama Povu aliishika ile jezi. Udongo, nyasi, damu kidogo kwenye mkono. Akaingia nayo ndani.

Kijana alifumbua macho. Sauti ilikuwa nzito kwa dawa, lakini aliitazama ile jezi, akajitahidi kutabasamu.

"Mama," alisema, "leo umeiona?"