Kukimbia na Waache

Safari ninayoikumbuka kuliko zote ilianza siku ya Jumamosi, saa kumi na mbili kamili asubuhi. Saa naijua kwa sababu redio ya balozi wetu wa nyumba kumi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza taarifa ya habari, na siku zile redio moja ilitosha mstari mzima wa nyumba. Nilikuwa darasa la nne. Mkononi nilishika kamba ya ndama, na mwisho wa kamba alikuwepo mbwa wetu Waache, anarukaruka kama aliyekanyaga makaa.

Naandika haya nikiwa kidato cha tatu, na najua wakubwa watacheka kumsikia mtu wa umri wangu akisema "enzi zetu". Wacheke tu. Ninyi mliokuwa wadogo mwaka wa operesheni ya kuhamia vijijini mtanielewa. Mnakumbuka tulivyopakiwa kwenye lori pamoja na vyungu, kuku na mawe ya kusagia, tukashushwa kwenye uwanja mtupu wenye vigingi. Nyumba zikajengwa mstari kama madawati. Kwa jirani akikohoa, kwetu tunaitikia pole.

Kabla ya hapo tulikaa peke yetu upande wa Nkololo, boma letu limezungukwa na ua mkubwa wa minyaa, ule mmea wa vijiti vya kijani ambao ukiukata unatoa utomvu mweupe kama maziwa. Waache alizaliwa mle. Jina alipewa na baba, kwa ajili ya watu waliokuwa wakimsema kwamba amezaa mabinti watupu. Kwetu mbwa hupewa jina la kuwajibu watu: wewe unamwita mbwa, mwenye kusikia anasikia. Kazi yake ilikuwa kukimbia na ng'ombe kutwa nzima mbugani, kwenda, kurudi, kuzunguka, na jioni alilala mlangoni kama gunia.

Kijijini kazi hiyo ikaisha. Ng'ombe wa watu wote walichungwa pamoja, mbali, kwa zamu za wanaume na mbwa wao wawili watatu waliozoeana. Waache akabaki nyumbani na miguu yake. Wiki ya kwanza alifukuza mbuzi. Ya pili alimkamata mtetea wa jirani yetu, Mayu Kabula; mayu kwetu ni mama. Halafu akamkamata mwingine. Mayu Kabula alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kupita ukuta, tena mjamzito wakati huo, na hakuja kwetu kulalamika. Alisimama tu mlangoni kwake akasema yote, na mstari mzima ukasikia. Jioni balozi akaja. Alimwambia baba kwa upole kwamba kamati imekaa, na kuku wa tatu akifa, mbwa anapigwa mkuki. Baba aliomba nafasi moja. Alisema yule mbwa si mbaya, ana nguvu zisizo na pa kwenda, na kuanzia kesho atakimbizwa kila asubuhi mpaka achoke.

Wa kumkimbiza nikawa mimi. Dada zangu walishaolewa, na mimi nilifurahi kidogo, kwa sababu alfajiri hakuna watu wa kuamkia. Nilikuwa mwoga wa watu kiasi kwamba nikitumwa chumvi kwa jirani nilisimama nje mpaka mtu atoke mwenyewe. Mama alikuwa akisema nimezaliwa na mdomo wa akiba.

Baba alikuwa ameswaga ng'ombe mpaka minada ya mbali ujanani mwake, akanifundisha kukimbia na mbwa kama mtu anavyofundishwa kusali. Tukimbie kabla umande haujakauka. Asile kwanza. Maji nimpe kidogo kidogo toka kwenye kibuyu, si mara moja. Kamba niishike, nisiizungushe mkononi wala kiunoni, maana sungura akitoka mbwa ataniburura mpaka Bariadi. Tukipita karibu na ng'ombe wa watu, niifupishe. Tukisimama nimkague nyayo, nitoe mbigili. Mchanga ukianza kuniunguza mimi, basi unamuunguza na yeye. Wote wawili tulikuwa pekupeku, kwa hiyo hilo sikuhitaji kukumbushwa. Wadogo zetu wa siku hizi wanavaa raba kwenda shule iliyo hapo hapo kijijini, na bado wanachelewa namba.

Lakini neno lake kubwa lilikuwa hili, na alilirudia mara nyingi: "Mbwa hatakwambia amechoka. Ukikimbia atakimbia mpaka afe. Kwa hiyo wewe ndiye uchoke kwa ajili yake."

Basi tulikimbia. Sijawahi kuwa na raha kama ile. Mbuga nyeusi ikiwa baridi bado, moshi wa kwanza unatoka kwenye majiko, harufu ya pamba iliyolala ghalani, na sauti ya miguu yetu, yangu miwili na yake minne. Mfukoni nilikuwa na michembe, yale makopa ya viazi vitamu, natafuna mimi, namtupia yeye tukirudi. Nilikuwa nikiangalia ulimi wake. Ukiwa mwembamba, twende. Ukitanuka na kuning'inia pembeni, natembea. Na kweli akitoka huko alilala. Kuku wa Mayu Kabula walimpita puani wakidonoa makapi, asifumbue hata jicho.

Ile Jumamosi baba alinituma kwenye mahame yetu. Kila mtu alikuwa akifanya hivyo: unarudi ulikohamishwa, unakata vijiti vya minyaa, unavipanda kijijini upate ua. Baba alisema nivikate, nivilaze chini mpaka utomvu ukauke, ndipo nivifunge mzigo. Utomvu wa minyaa ukiingia jichoni unapofusha, hilo hata mtoto anayetambaa kwetu analijua. Akaniambia tukimbie nusu ya njia, nusu tutembee, kwa kuwa ni mbali.

Tulifika jua likiwa bado la kirafiki. Nyumba ilishaanguka, lakini ua ulikuwa umesimama, mrefu kuliko tulivyouacha. Nilimfunga Waache kivulini nikatafuta mahali pa kuanzia. Upande wa mashariki ua ulikuwa mwembamba, vijiti vichanga vinafikika, nikakata pale. Sikufikiri kwa nini ni vyembamba. Nilikata mpaka maziwa yakawa yanadondoka pande zote mbili. Nyuma yangu nikasikia kamba inakatika.

Pale ndipo palikuwa na tundu lake. Tangu akiwa mtoto alikuwa akiingilia pale akitoka mbugani, kwa kasi, kichwa kimeinama. Minyaa ilikuwa imeota ikaliziba, mimi nimesahau, yeye hajasahau. Aliona nyumbani. Akapita tundu lake kama alivyolipita siku zote, katikati ya vijiti vinavyovuja.

Kilio chake sitakiandika. Alijisugua uso ardhini, akazidisha maumivu. Nilimlalia juu nikammwagia maji yote ya kibuyu machoni, yakaisha. Nikaloweka pindo la gauni kwa umande uliobaki kwenye majani, nikampangusa. Macho yote mawili yalikuwa yamefumba na kuvimba. Dawa ya utomvu huo ni maziwa, na maziwa yalikuwa kijijini.

Nilitaka kukimbia. Miguu ilikuwa inataka. Nikamkumbuka baba. Mbwa asiyeona, mwenye maumivu, asiye na maji tena, jua linapanda: nikikimbia atanifuata mpaka adondoke. Vijiti niliviacha vilivyolala. Nilifunga kamba fundo, nikaifupisha mpaka bega lake likagusa mguu wangu, tukatembea. Ili ajue niko wapi ilinibidi niseme. Kwa hiyo mimi, mdomo wa akiba, nilisema njia nzima. Hapa kuna shimo. Hapa tunapanda. Hapa ni kwa wale waliohamia Mwamanyili, unakumbuka jogoo wao? Kila kwenye mti wa kivuli tulikaa mpaka ulimi wake ukapungua. Kila nilipokaa niliona anakufa, na kila nilipotaka kunyanyuka niliuona ulimi nikakaa tena.

Tulifika mchana. Mama na baba walikuwa shamba la kijiji. Ng'ombe wote walikuwa mbali. Mlango mmoja tu ulikuwa wazi kwenye mstari wetu, na mlangoni alikaa Mayu Kabula, ananyonyesha mtoto mchanga.

Nilisimama. Nilijua ninachotaka kuomba, na nilijua mbwa niliyenaye ni nani. Waache alianza kutetemeka, akakalia miguu yangu. Nikasema, "Mwadila, mayu." Hiyo ndiyo salamu yetu ya mchana, kama mwangaluka ilivyo ya asubuhi, na ilikuwa mara ya kwanza kumsalimu bila kusalimiwa kwanza.

Alinitazama, akamtazama mbwa. "Huyu si yule aliyekula mitetea yangu?"

"Ndiye. Ameingiwa na minyaa."

Mtoto aliendelea kunyonya, na mimi nikasema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia mtu mzima: kwamba ng'ombe hawapo, kwamba macho yakikaa mpaka jioni yatakufa, kwamba mbwa kipofu kamati haitamwacha, na kwamba maziwa yaliyopo mstari huu ni yake peke yake.

"Kumbe una mdomo," alisema. Akamtoa mtoto titi, akanipa nimlaze kwenye ngozi, akasogea. "Mshike kichwa. Akiniuma, na mimi nakuuma wewe."

Nilimshika. Alimfumbua Waache jicho kwa vidole viwili akamkamulia, la kulia, kisha la kushoto, kisha tena. Waache hakujitikisa. Maziwa yalimtiririka mpaka puani akayaramba. Mayu Kabula akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka, akasema polepole, "Mume wangu usimwambie. Atasema hata maziwa ya mtoto nimeyafanya ya ujamaa."

Alimkamulia tena kabla mama hajarudi, na tena jioni. Baba alipokuja kushukuru, alimjibu kwamba anadaiwa mitetea, si maneno. Baba akampelekea.

Likizo hii niliporudi kutoka shuleni sikumkuta Waache. Alikuwa mzee, alilala, hakuamka, na baba alimzika nyuma ya ua. Ua wenyewe sasa ni mrefu. Vijiti vya siku ile baba alivifuata mwenyewe, na vimetufunika hata jirani hatumwoni tena akikaa mlangoni. Redio zipo kila nyumba ya tatu, ila betri hazipatikani. Watu wanaamka usiku kupanga foleni ya sabuni, hakuna anayeamka kukimbia. Mtoto aliyegawana titi na mbwa yuko darasa la kwanza, mkorofi, na hamwogopi mbwa yeyote. Nilimwambia habari hii akaniambia namdanganya. Mbwa wa sasa wamefungwa minyororo, wanabweka usiku kucha, na wenyewe wanalalamika kwamba mbwa wao ni wabaya. Nawasikia, nanyamaza. Mimi nami nimerudia akiba yangu.

Lakini Jumapili ile, kesho yake, redio ya balozi ilipoanza habari, nilitoka nje kumtazama. Jicho la kulia lilikuwa limefumbuka, jekundu, linaniona. La kushoto lilikuwa limefumba, na halikuja kuona tena. Aliposikia kamba alisimama. Baba alisema leo asikimbie, nikasema najua.

Siku zote nilikuwa nimemshika kwa mkono wa kushoto. Asubuhi ile niliihamishia kamba mkono wa kulia, nikasimama upande wa jicho lililofumba ili mguu wangu ndio umwambie njia, tukatembea taratibu mpaka mlangoni kwa Mayu Kabula. Ulikuwa bado umefungwa. Sikungoja atoke. Nilisema kwa sauti, mstari mzima usikie, "Mwangaluka, mayu."