Krismasi ya Kwanza Baada ya Ayo Kupooza

Mama yangu alipata kiharusi mvua za masika zikielekea kwisha. Alikuwa shambani kwetu Ganako akipalilia mbaazi, mkono wa kulia ukaachia jembe, na alipotaka kumwita kaka yangu mdomo ukakataa. Alirudi kutoka hospitali akiwa na akili zake zote, lakini upande mmoja ulikuwa umepooza na koo halimezi vizuri. Mtaalamu wa mazoezi alitueleza kwamba kitu kikavu au kigumu kinaweza kumwingia kwenye njia ya hewa, na kwamba hata maji matupu ni ya kuangalia. Chakula chake kipondwe kiwe laini, uji uwe mzito. Na kwa kuwa walimkuta pia na kisukari na presha, sukari ikae mbali na chumvi iwe kidogo.

Sisi watoto wake tunamwita Ayo, yaani mama kwa Kiiraqw, na majirani wamezoea kumwita hivyohivyo. Krismasi ya ukoo wetu ilikuwa ya kwake. Yeye ndiye alikuwa anajua mbuzi achinjwe saa ngapi, nani apewe maini, na mgeni gani atakuja bila kualikwa.

Mimi nafanya kazi jikoni katika lodji moja iliyo njiani kuelekea geti la Ngorongoro. Kule kila jioni mpishi mkuu anatutangazia dayati za wageni: huyu hali ngano, yule hagusi maziwa, mwingine karanga zinaweza kumpeleka kaburini. Hakuna anayeuliza kwa nini. Mtu anapikiwa anachoweza kula, anapelekewa mezani pamoja na wenzake, basi. Lakini nyumbani, kumnyima mtu nyama siku ya Krismasi ni kama kumwambia si mmoja wenu.

Kaka yangu, ambaye ndiye anaishi na Ayo pale nyumbani, alikuwa na wazo lake.

“Tumlishe mapema chumbani,” aliniambia. “Wageni wakija wamkute amepumzika.”

Nilimwelewa. Hakutaka watu wamwone mama yetu uji ukimtiririka kidevuni. Ila alisema hayo dirisha likiwa wazi, na Ayo alikuwa upande wa pili wa dirisha. Tulisikia anagonga kiti chake cha magurudumu kwa mkono wa kushoto. Tulipoingia alitutazama mmoja mmoja, kisha akasema, neno moja baada ya jingine, kila moja likimgharimu pumzi, “Mimi. Sijafa.” Akapumzika. “Nipelekeni jikoni.”

Jiko letu liko nje, na mlangoni lina ngazi za saruji. Kwa miezi yote ile hatukuwahi kufikiri kwamba ngazi zile zilikuwa zimemfungia Ayo nje ya jiko lake. Kaka alienda kuchukua toroli, akaleta udongo na changarawe, akashindilia mpaka ngazi zikawa mteremko. Mkesha wa Krismasi tukamsukuma Ayo mpaka ndani, tukamweka karibu na mafiga lakini si karibu na moshi. Akanusa vitunguu vya pilau vikikaangwa, akatikisa kichwa. Havijaiva. Wifi yangu akaendelea kukoroga mpaka Ayo alipoinua kidole.

Asubuhi yake tulienda kanisani. Baada ya ibada watu walitujia kwa upendo, wakamshika Ayo bega, halafu wakaniuliza mimi juu ya kichwa chake, “Anaendeleaje?” Wa kwanza niliwajibu. Baadaye nikachoka, nikawa nasema, “Muulizeni mwenyewe, anasikia.” Wengine waliona haya wakaenda zao. Mzee mmoja wa kanisa alichuchumaa, ingawa magoti yanamsumbua, akamwamkia kwa Kiiraqw na kusubiri. Jibu lilichelewa sana. Hakulikatisha.

Tuliporudi nyumbani umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo blenda niliyoazima haikuwa na kazi. Nikaponda viazi na boga kwa mwiko, nikapitisha mbaazi kwenye chujio, nikaongeza mchuzi wa mbuzi ambao niliutoa kabla chumvi haijatiwa. Nilikuwa namalizia ndipo mama mdogo alipofika.

Mama mdogo ni mdogo wake Ayo, ameolewa na mfugaji huko Nainokanoka, juu milimani Ngorongoro. Alikuwa amesikia habari za ugonjwa kwa simu tu. Alipomwona dada yake kwenye kiti kile, alisimama na kibuyu cha maziwa mkononi kana kwamba amesahau pa kukiweka. Kisha akaketi karibu naye na hakubanduka tena.

Watu walipokaa kula nilileta bakuli la Ayo na kuliweka mezani mbele yake, katikati ya masinia ya pilau. Mama mdogo alilitazama.

“Hicho ndicho mnampa?”

“Ndiyo, mama mdogo. Hawezi kitu kigumu. Kinaweza kumpalia.”

“Chakula cha mtoto mchanga,” alisema kwa sauti ya chini. “Siku ya Krismasi.”

Nilienda kuwanawisha wageni mikono. Nyuma yangu mama mdogo alinyofoa kipande cha nyama ya ubavu, kile chenye mafuta, akamtia dada yake mdomoni. Ayo mwenyewe alikuwa amefungua mdomo.

Nilisikia sauti kavu, kisha hakuna sauti kabisa. Uso wa Ayo ulikuwa unabadilika rangi. Kaka akashika kiti kisisogee, nami nikamwinamisha Ayo mbele na kumpiga kwa kiganja kati ya mabega, tena na tena, mpaka nyama ikatoka ikaanguka kwenye kanga yake. Alivuta hewa kwa mlio mkubwa, akakohoa, machozi yakamtoka. Mama mdogo alikuwa amekaa chini kwenye sakafu, mikono kichwani.

“Nimetaka kumuua dada yangu,” alikuwa anasema. “Nimetaka kumuua.”

“Nilikuambia, mama mdogo,” nilisema. Nilikuwa na mengine makali ya kuongeza, lakini Ayo aliinua mkono wa kushoto kunizuia. Alihangaika na neno lake mpaka likatoka.

“Tamu,” alisema.

Watoto ndio walioanza kucheka, wakatufuata wakubwa, na mwisho mama mdogo naye alicheka huku analia.

Alipotulia alijifuta uso, akaniambia, “Nifundishe.” Nikasubiri pumzi ya Ayo irudi sawasawa, kisha nikamwonyesha: mgongo wima, kidevu kishuke kidogo kuelekea kifuani, kijiko kidogo, usubiri uone koo limepanda na kushuka, na usimsemeshe akiwa na kitu mdomoni. Hilo la mwisho lilimshinda mara kadhaa. Maziwa yake ya mgando yalikuwa mazito kama uji, hayana sukari, na Ayo aliyameza bila shida. Baadaye Ayo aliomba kijiko ashike mwenyewe. Nusu ilifika mdomoni, nusu kwenye kanga, na hakuna aliyemwondoa mezani.

Mama mdogo alikaa nasi mpaka baada ya mwaka mpya. Mkono wa kulia wa Ayo haukurudi, ila maneno yalirudi mengi, na siku hizi anampa wifi yangu amri za jikoni bila kupumzika katikati.

Juzi, nikiwa nyumbani kwa Ayo, mama mdogo alinipigia simu akiwa amepanda kilimani kutafuta mtandao. Kuna mama jirani yake ana mtoto asiyeweza kukaa wala kumeza vizuri, na watu wakija anamweka chumba cha ndani. Mama mdogo alikuwa amekwenda mara tatu kukaa na mama huyo na mtoto wake. Sasa alitaka kujua uji wa mtoto uwe mzito kiasi gani. Nikamwambia kwanza wamshushe Karatu hospitali atazamwe, kisha nikamweleza ninachojua.

Ayo alinyoosha mkono akaomba simu. Walizungumza Kiiraqw kwa muda mrefu, yeye na mdogo wake, nami nikarudi kuangalia mboga isiungue.