Mtani Aliyemzika Filipo

Yotham wa Mkonze hakuwa mtu wa kusamehe, na mwalimu Nikodemo alilijua hilo alipompa kazi. Nikodemo alikuwa na chama chake kidogo pale misheni, kilichopeleka mashauri ya wanyonge mbele ya Bwana Shauri, hakimu wa Kijerumani, bomani Dodoma. Kusema barazani ilikuwa kazi ya Nikodemo. Yotham alizunguka vijijini kuchimbua habari na kutafuta mashahidi, na yaliyothibitika akayaandika kwenye gazeti la misheni. Na kinyongo alikuwa nacho! Akikushika, umeshikwa.

Mwaka reli ilipokuwa ikijengwa kupita Bahi, mdogo wake Filipo hakurudi kutoka kambi ya vibarua. Msimamizi wa kambi, Mzungu ambaye vibarua walimwita Bwana Kikohozi kwa kukohoa kwake, akasema ametoroka kazi. Filipo, mtoro! Mama yao, Raheli, akabaki mlangoni hajui alie au angoje.

"Mwanangu, niletee neno moja tu," akamwambia Yotham. "Kama amekufa, nimlilie."

Yotham alimtaka Kikohozi mwenyewe, tena amshike koo. Nikodemo akamkatalia katakata. "Ukimgusa watakunyonga, na shauri litakufa nawe. Niletee shahidi."

"Nitamleta. Ila siku mtu huyo akianguka, nataka niwe namtazama usoni."

Akazunguka Bahi nzima, matope mpaka magotini. Kila aliyeulizwa aligeuza mgongo, maana kiboko cha Kikohozi hakikuchagua. Akarudi Mkonze amefura kwa hasira, na nani amekaa kwenye kigoda cha marehemu baba yake, akila ugali wa Raheli? Mnyamwezi mmoja, kibarua wa reli, jina lake Mayunga.

"Nyie Wagogo!" Mayunga akafoka, mdomo umejaa. "Mmefiwa hata hamjui? Nimemzika kijana wenu kwa mikono yangu, nimengoja kuitwa msibani nimechoka. Nimekuja kudai changu." Akatoa kibindoni hereni ya Filipo.

Raheli akapiga ukelele, majirani wakaja mbio.

Kumbe Kikohozi alimchagua Mayunga azike kwa siri, akidhani mtu wa kabila jingine hatasema. Mjinga mkubwa! Hakuna aliyemwambia kwamba Wanyamwezi na Wagogo ni watani, na mtani akizika, lazima aende kwa wafiwa kudai haki yake.

Barazani Kikohozi alijitetea kama mwana-kondoo. Filipo alitoroka, hajawahi kumgusa, na huyu Mnyamwezi ni mwizi wa hereni. Nikodemo akataka Mayunga aeleze pole pole, kwa adabu. Yotham akamwinamia Mayunga sikioni. "Usieleze. Fanya kama mtani msibani. Mkejeli mpaka aumie."

Mayunga akasimama katikati na kukohoa. Kikohozi mtupu! Akatembea kama yeye, tumbo mbele, akitukana hewa. Akainua kiboko cha kufikirika, mara akaigiza Filipo akimnyang'anya, naye Kikohozi anatimua mbio kuzunguka baraza, ameshika suruali, anamlilia mama yake. Askari wakacheka mpaka wakaegemea bunduki zao. Bwana Shauri mwenyewe akafunika mdomo.

Kikohozi akaruka, mwekundu kama pilipili. "Uongo! Hakuninyang'anya kitu! Alilala pale pale kwenye pipa la kuchapia viboko, hakuinuka tena mpaka akakata roho!"

Yotham alikuwa amesimama mbele yake, akauona uso ule ukielewa ulichosema, ukigeuka kutoka mwekundu kuwa majivu. Ilikuwa tamu. Tamu kweli, wala hakuona haya.

Kifungo chenyewe kilikuwa kifupi mno kwa roho ya mtu, na angekitumikia pwani, mbali na macho ya watu. Yotham akasaga meno. Haya, wamempunguzia, yeye atamwongezea! Akapeleka habari kambi kwa kambi kando ya reli. Siku treni ilipomchukua Kikohozi amefungwa pingu, vibarua wa Dodoma walijipanga, wakamtazama, wakakohoa wote kwa pamoja. Kituo kilichofuata wakakohoa. Na kilichofuata. Alisindikizwa hivyo mpaka pwani.

Raheli hakwenda kumtazama. Alikuwa Mkonze, amekaa chini na wanawake wenzake, na Mayunga pembeni anadai mbuzi wake kwa kelele. Hereni ilikuwa kiganjani mwake, naye alikuwa anamlilia mwanawe kwa jina.