Sahihi Niliyomwekea Mzee Gaspari

Siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu: siku niliyoandika jina la mtu kwa mkono wangu. Mnanicheka hapa Arlington kwamba nasoma kila karatasi mara tatu, hata ya kanisani. Chekeni tu. Kwa kuwa Jumatatu unaanza kazi kwenye utafiti wa chuo kikuu, sikiliza.

Nilikuwa binti mdogo, natafsiri Kiswahili kwenye utafiti wa kisukari kule Houston. Fedha zilitoka serikali kuu, na sharti lilikuwa moja: mtu hatolewi damu mpaka asomewe fomu ya ridhaa, aelewe, atie sahihi mwenyewe. Pale Alief, mtaa mmoja wa Houston, nilimkuta Mzee Gaspari, Mrundi aliyeishi kambini miaka mingi. Akanipa chai, akasema amekubali. Sasa mzee ameshatoa neno lake, nimfungulie kurasa kumi na mbili? Niliona ni kumvunjia heshima. Muuguzi akamtoa damu, nami nikaenda kumsainia ndani ya gari.

Haukupita mwezi, akaja Bi Zuhura wa ofisi ya ukaguzi, Mtanzania mwenzangu. Nikamshuku papo hapo. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema moyoni, huyu katumwa anichimbe. Alipotaka twende wote kwa mzee, nikajua anakwenda kuniaibisha.

Akamwekea mzee ile fomu mezani, akamwuliza kama sahihi ni yake. Mzee akaitazama, akatikisa kichwa. Nami nikaona aibu mpaka miguuni.

"Binti," akaniambia, "kambini kijana mmoja mwenye heshima kama wewe alinijazia fomu ya safari ya kuja huku Marekani. Hakutaka kunisumbua. Akaandika nina watoto watatu. Mimi nina wanne."

Huyo wa nne alikuwa bado kule kambini.

Bi Zuhura hakunigombeza. Alimsomea mzee fomu yote, taratibu, na mzee akakataa. Damu yake ikateketezwa kama alivyoomba, nami nikaondolewa kwenye utafiti. Nilistahili. Aliyekuwa nguoni mwa mzee ni mimi.

Basi, mwanangu, atakayekwambia fomu ni desturi tu, mshuku. Atakayekuomba urudishe nyuma tarehe ya sahihi, mshuku zaidi, hata akiwa profesa mwenye tabasamu. Lakini kabla ya hao wote, ushuku mkono wako mwenyewe, hasa unapojiambia unafanya kwa heshima. Mtu akikubali haraka, msomee tena, umwachie nafasi ya kukataa. Mzee hatachukia. Akichukia, utakunywa chai yake na kumsubiri.

Mungu aufanye mkono wako mzito kwenye jina la mwenzio. Na watoto wako, wawe wanne au kumi, asiwepo wa kuwapunguza kwa kalamu.