Kahawa Aliyoinywa Mume Wangu

Nyumba yetu ya Sur, huku Omani, ilivunjwa kwa sababu ya kahawa. Wanangu husema ni serikali, ilitaka kupanua njia. Serikali iliamua, sikatai. Lakini yuko mtu aliyekaa bega kwa bega na mume wangu akamwacha aangamie, na huyo namtaja: binamu yake, mtoto wa ami yake wa damu.

Nyumba yenyewe haikuwa ya kuringia. Vyumba viwili na ua, kwenye uchochoro wa soko ambako ukipiga chafya, jirani wa nyumba ya tatu anakuombea rehema. Ila mlango wangu ulitazama soko. Hapo nilikaanga sambusa na kuuza mikate ya kumimina, na Ramadhani watu walijaa mpaka wakakanyagana viatu. Mimi skuli sikwenda, chuo cha Kurani tu. Mume wangu alikuwa dereva, macho yakaanza kumwacha, kazi ikamwacha pia. Mlango ule ndio uliotulisha.

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, wakaja watu wa afisi na rangi nyekundu. Hawakubisha hodi. Wakatupiga alama ukutani, sisi na binamu, maana nyumba zetu zimepakana. Tukaambiwa tutapewa viwanja nje ya mji, kwenye changarawe. Nani aje kununua sambusa huko, mbuzi?

Binamu akaja kwa mume wangu. "Kaka, twende kwa mzee wa kabila. Neno lake linasikizwa na wakubwa. Njia inaweza kupinda kidogo."

Wakaenda baada ya alasiri. Mume wangu alirudi uso umekunjuka.

"Wamenikirimu," akasema. "Kahawa ina iliki mpaka puani. Nikanywa, nikala halua, nikanywa tena. Halafu nikamwambia haja yangu."

"Akasemaje?"

"Kasema inshallah kheri."

"Na binamu yako?"

"Yeye hata hakunywa. Kaiweka finjani chini mbele yake. Nadhani tumbo linamsumbua."

Nikafurahi naye. Kwetu Unguja mtu akikutilia kahawa ukaiacha, umemtukana yeye na mama yake. Ndivyo tulivyolelewa, mimi na yeye.

Asubuhi nikamhadithia jirani yangu, mwanamke wa Sur tangu bibi na babu. Akaacha kukunja sambusa.

"Kanywa kabla ya kusema?"

"Kanywa."

Akakaa juu ya gunia la unga. "Ukhti, huku mwenye haja hanywi. Anaiweka finjani chini. Mwenye nyumba akiiona, anamuuliza ana shida gani, na ni aibu kwake kahawa irudi haijanywewa. Ukishakunywa, basi umekuja kutembea tu." Kisha akatikisa kichwa. "Nyinyi watu wa Zinjibar mna adabu mpaka inawala."

Tukacheka, mimi na yeye. Halafu yeye akarudi kwenye sambusa zake, mimi nikashindwa kukaa.

Binamu alijua. Kazaliwa Sur, hajapata kuvuka bahari. Nikamfuata mlangoni kwake.

"Shemeji, kwa nini hukumkanyaga mguu?"

"Mtu mzima hafundishwi kunywa," akasema, anatazama ukuta. Halafu likamtoka la kweli: "Mzee asingeziombea nyumba mbili."

Njia ikapinda. Nenda kaitazame, imepinda kama mkia wa paka, ikazunguka ukuta wake. Petu pamekuwa pa kuegesha magari. Na yule mkubwa wa afisi, aliyeweza kuhamisha njia kwa ombi la mzee mmoja na akatwambia sisi kwamba amri haibadiliki, naye nimemweka pamoja na binamu. Siku ya hesabu nitawaonyesha kwa kidole.

Huku changarawe nilijaribu kukaanga. Mafuta yalipoa, sambusa tukazila wenyewe mpaka watoto wakazichukia. Mume wangu macho yakaisha kabisa. Kila jioni aliniuliza soko liko upande gani, nikamgeuzia kiti. Alikufa kiti kimetazama huko.

Eda yangu ilipokwisha, binamu akaja. Mwanangu mkubwa akamkaribisha, nami nikaleta dele nikamtilia kahawa kwa mkono wangu. Akaiweka finjani juu ya mkeka.

"Shemeji, sinywi mpaka unisamehe."

Mwanangu akanitazama. Yeye kakulia hapa, mila zao ndizo zake, na aliona aibu inavyotuingilia nyumbani. Nikakaa. Mvuke ukapungua, ukaisha.

"Mimi wa Unguja," nikamwambia. "Mila hiyo siijui."

Alikaa mpaka adhana ya magharibi, akainuka, akamuaga mwanangu, akaenda zake. Mwanangu hakunisemesha usiku ule. Nikaimwaga kahawa uani, nikaiosha finjani, nikaipanga na wenziwe. Nilidhani nitapata nafuu. Nikatoka nje nikakaa kwenye kile kiti, sikuona soko wala mtu.